Kutoka Dodoso hadi Mkataba wa Manunuzi

Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili na watafiti wa sayansi ya jamii, Moshi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wanafunzi wa uzamili, na viongozi wa vyama vya msingi vya wakulima mliokubali kuacha shughuli zenu mje kukaa nasi: wazee shikamooni, wengine habari za mchana.

Mada niliyopewa ni jinsi mtafiti wa jamii anavyoweza kuhamia kwenye kazi za uendelevu katika kampuni za nje. Nimeipenda, ila naona wengi wakiisikia wanaisikia nusu tu: wanasikia "nje". Nusu hiyo nitaigusa baadaye, tena kwa haraka, kwa sababu habari za viza na vyeti mnaweza kuzisoma wenyewe. Muda mwingi nautaka kwenye kazi yenyewe, maana nimegundua kwamba hata walimu walionifundisha hawana hakika ninafanya nini kule Hamburg, Ujerumani. Mama yangu yeye anawaambia majirani nauza kahawa. Hajakosea sana.

Hapa kwetu kampuni ikisema inajali jamii, picha ni ileile miaka yote: madawati, mkuu wa wilaya, fulana zenye nembo, na ile hundi ya bango inayoshikwa na watu wanne. Sina ugomvi na madawati. Mimi mwenyewe nilisoma la kwanza nikikaa chini. Lakini idara ya uendelevu ninayofanyia kazi haigawi hata dawati moja. Kazi yake ni kuuliza kampuni inazipataje hizo pesa zake: imenunua kwa nani, kwa bei gani, nani aliumia njiani, mto gani ulichafuka, na nani atalipa. Kugawa kidogo katika kilichopatikana ni jambo jingine kabisa, na kwa kawaida linashughulikiwa na watu wa matangazo.

Kazi hii ina umri mdogo. Mwaka 2005 Kofi Annan, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alimteua John Ruggie, profesa wa Harvard, kuwa mwakilishi maalumu katika suala la haki za binadamu na makampuni. Ruggie alikuwa msomi wa siasa za kimataifa, mtu wa nadharia hasa, wa aina ile ambayo wanafunzi mnaikwepa kwenye orodha ya wasimamizi. Akaendesha mashauriano katika mabara mbalimbali, na Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu likaziidhinisha kanuni alizoandaa. Kwa kifupi zinasema hivi: serikali ina wajibu wa kulinda haki za watu, kampuni ina wajibu wa kuziheshimu hata pale ambapo serikali ya mahali hapo imelala, na aliyeumizwa apate pa kulalamikia na afidiwe. Hazikuwa sheria. Meno yalikuja baadaye. Ufaransa ilitunga sheria yake mwaka 2017. Ya Ujerumani ikaanza kutumika Januari 2023 kwa kampuni zenye wafanyakazi 3,000 na kuendelea, na mwaka uliofuata kiwango kikashushwa hadi 1,000. Umoja wa Ulaya nao ukapitisha ya kwake mwaka 2024.

Katikati hapo watu walikufa, na bila vifo hivyo sidhani kama sheria zingepita. Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, mjini Karachi, kiliungua na kuua watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wiki chache kabla ya moto huo kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi. Aprili 2013, nje kidogo ya Dhaka, jengo la Rana Plaza liliporomoka likaua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na bado wafanyakazi wa viwanda vilivyokuwa humo wakaamriwa waingie kazini.

Lile la cheti nalirudia, kwa sababu ndilo linaloniweka mjini. Cheti kile kilitokana na fomu. Mahali fulani kuna visanduku viliwekewa alama ya vema, na vema zile zikasafiri hadi kwa wanunuzi wa Ulaya, wakalala usingizi mzuri. Baada ya moto, kampuni zilizokuwa makini ziligundua kwamba zina majibu mengi mno na hazina mtu wa kuwaambia majibu hayo yalipatikanaje. Nani alijibu? Akiwa wapi? Mbele ya nani? Kwa lugha gani? Alikuwa na nini cha kupoteza? Ni maswali yaleyale ambayo mwalimu wenu wa mbinu za utafiti anawachosha nayo, na nyinyi mnayajibu ili mfaulu mtihani. Kule nje ndiyo bidhaa mnayoiuza. Hamna nyingine. Wahandisi wa mazingira wapo, wanasheria wapo, wahasibu ndio usiseme.

Niwape mfano wa huku huku nyumbani. Fomu za ukaguzi wa mashamba ya kahawa zina swali moja lisilokosekana: je, watoto wanafanya kazi shambani, ndiyo au hapana? Niliwahi kuongozana na mkaguzi mmoja upande wa Uru, msimu wa kuchuma. Mzee tuliyemkuta alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua kahawa mbivu, na katibu wa chama amesimama nyuma yake, daftari kwapani. Mkaguzi akasoma swali kama lilivyoandikwa. Mzee akageuza shingo akamtazama katibu, kisha akajibu: "Hapana." Vema ikawekwa. Ilikuwa Jumamosi, na kwenye shina la mgomba hatua tatu kutoka pale tulipokaa kulikuwa na kikapu kidogo kimejaa nusu, mpini wake umefungwa kitambaa cha sare ya shule.

Katibu akapata simu, akasogea pembeni kutafuta mtandao. Nikavuta ndoo nikakaa, nikamwuliza mzee kikapu kile ni cha nani.

"Cha mjukuu, mwanangu. Yuko mfongoni, kwenye mfereji wa maji, na wenzake, akirudi atamalizia."

"Ana miaka mingapi, mzee?"

"Kumi na miwili."

"Na shule anakwenda?"

"Kwa nini asiende? Leo si Jumamosi?"

Nikamwuliza dawa ya mikahawa anapuliza nani. Akacheka. "Mimi kifua hakiniruhusu tena. Namlipa kijana wa jirani hapo chini." Na huyo ana miaka mingapi? Hakuwa na hakika. "Amemaliza la saba juzi."

Sasa tazameni kilichotokea. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefika 14 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Mjukuu anayemsaidia babu yake saa mbili za Jumamosi ni jambo la kuzungumza, la kuangalia asibebeshwe mzigo mzito wala asikose shule. Kijana aliyemaliza la saba juzi, anayebeba bomba la sumu mgongoni bila barakoa kwa ujira, huyo ndiye mwenye hatari yenyewe, na kazi hiyo hairuhusiwi kwa mtu yeyote wa chini ya miaka 18. Mjukuu alifichwa kwa sababu swali lilimlenga. Kijana wa bomba hakuna aliyemficha, kwa sababu hakuna aliyemwulizia. Hilo halionekani kwenye fomu hata uiongezee kurasa 20.

Nilirudi na ripoti. Ilikuwa ripoti ambayo msimamizi wangu wa zamani angeipenda: muktadha, mbinu, mipaka ya utafiti, nukuu za wahojiwa. Mkuu wa idara akasoma ukurasa wa kwanza, akaiweka mezani, akauliza: nani afanye nini, kwa gharama gani, hadi lini? Wenzangu wa chuo nikiwasimulia hilo wanacheka, wanaona ni ushamba wa wafanyabiashara. Mimi naliona ni swali la haki kabisa. Chuoni tumezoea kumaliza andiko kwa kusema utafiti zaidi unahitajika, kisha tunakwenda kula. Mkulima aliyetupa saa mbili zake za msimu hajawahi kula huo utafiti zaidi.

Jibu tulilolipata, baada ya kuongea na chama chenyewe, lilikuwa chama kiwe na kikosi cha wapulizaji watu wazima, waliofunzwa, wenye buti, miwani na barakoa, wanaozunguka kwa zamu kihamba kwa kihamba, yaani yale mashamba yetu ya familia yenye migomba na mikahawa. Mkulima alipie sehemu kama anavyomlipa yule kijana, na mnunuzi alipie sehemu. Hesabu yake haikuwa kubwa. Tatizo ni kwamba pesa hiyo haikuwa kwenye idara yetu. Ilikuwa idara ya manunuzi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kama kuna jambo moja nililolijua ambalo halikuwa kwenye muhtasari wa somo lolote ni hili. Uendelevu wa kampuni unaamuliwa manunuzi. Idara yenye jina hilo inaandika, inapima, inashauri, inachapa ripoti yenye picha za milima. Mtu anayeamua kama mkulima wa Kibosho atasomesha mtoto ni mnunuzi, ambaye huenda hajawahi kukanyaga Kilimanjaro. Tena mnunuzi huyo si mtu mbaya. Mwisho wa mwaka anapimwa kwa kigezo kimoja kikubwa: ameshusha bei ya malighafi kwa kiasi gani. Bonasi yake imo humo, na mkopo wa nyumba yake umo humo. Wewe ukimwendea na nukuu za wahojiwa atakusikiliza kwa adabu, kisha atarudi kwenye jedwali lake.

Kwa hiyo mtafiti anayetaka kufaa kule inabidi ajifunze kusoma mkataba wa manunuzi. Masharti ya malipo, kwa mfano. Chama kinachouza moja kwa moja nje, kikilipwa siku 90 baada ya shehena kupokelewa, malipo ya pili ya mkulima, yale anayopewa kahawa ikishauzwa, yanalala siku hizo zote. Mnajua wenyewe nini kinatokea hapo katikati: ada za Januari zinafika, na anakuja mtu mwenye fedha taslimu, ananunua kahawa ambayo bado iko mtini kwa bei ya kutupa. Ukitaka kujua kwa nini mkulima anampa kazi kijana wa bei rahisi, usianzie kwenye mila wala kwenye elimu yake. Anzia kwenye siku 90. Mimi nimesoma mno nadharia za umaskini vijijini, na sikumbuki hata moja iliyonifundisha kufungua kifungu cha malipo.

Kifungu hicho nilikifuatilia muda mrefu kuliko nilivyowahi kufuatilia makala yoyote. Vikao, barua pepe, wanasheria, mtu wa fedha anayeuliza swali lilelile kila mara kana kwamba hakuwepo kikao kilichopita. Mwishowe kikaingia: vyama vya wakulima walipwe ndani ya siku 30, na kila kilo iwe na senti kadhaa za usalama wa kazi. Hakuna gazeti lililoandika. Jina langu halipo popote. Mzee wa Uru hajui, na sioni sababu ya kumjulisha.

Kama hilo la jina limekuchoma, bakia chuoni, na nasema hivyo kwa heshima kubwa. Ukihamia kampuni unasaini mkataba wa usiri, na ulichokigundua si chako tena. Huwezi kukichapisha wala kukitaja kwenye kongamano. Mimi hapa leo nimesimulia mambo ambayo niliomba ruhusa kuyasimulia, na nimeondoa yaliyokataliwa. Wenzangu niliosoma nao wana makala, wananukuliwa, wengine wameshakuwa maprofesa washiriki. Nikitafutwa mtandaoni ninaonekana kama mtu aliyefariki siku nyingi.

Kuna hasara nyingine nzito zaidi ya hiyo. Kwenye utafiti wa chuo mnajua safari ilivyo: kibali cha COSTECH, ile tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, barua ya mkoa, ya wilaya, ya halmashauri, kisha kata, kisha kijiji, na kila ofisi unasaini kitabu cha wageni, jina, unakotoka, shughuli, sahihi. Wengi tunailalamikia njia hiyo. Lakini mwisho wake unakaa na mhojiwa, unamsomea kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba jina lake halitatajwa. Ukifika kama mtu wa kampuni, unashuka kwenye gari la mnunuzi. Mkulima anayekutazama hawezi kukataa, hata umsomee karatasi gani. Anajua gari hilo ndilo linalochukua kahawa yake. Ukirudi ofisini mkubwa wako anauliza: kijiji gani? Mzee yupi? Haulizi kwa ubaya, anataka kumaliza tatizo. Na mnunuzi mwoga akishajua ni kijiji gani, njia rahisi kwake ni kuvunja mkataba na chama kizima ili jina la kampuni libaki safi. Kanuni za Ruggie zinataka kampuni itumie kwanza ushawishi wake kurekebisha, na kuondoka kuwe hatua ya mwisho, tena baada ya kupima nani ataumia ikiondoka. Kwenye vikao watu huzisahau.

Ndiyo maana nawashauri: sharti hilo liwekeni kabla ya kusaini kazi. Ombeni iandikwe kwamba majina ya wahojiwa hayatoki kwa mtafiti isipokuwa kwa ridhaa yao au pale maisha ya mtu yakiwa hatarini. Siku hizi mna pa kushikia hata kisheria, kwa sababu Ulaya wana sheria yao kali ya data tangu 2018, na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kampuni ikikataa kuliandika hilo, umeshaijua kabla hujakata tiketi.

Niingie kwenye misitu, maana naona viongozi wa vyama wananisubiri hapo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayozuia bidhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kahawa imo, pamoja na kakao, soya, ng'ombe, mawese, mpira na mbao. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na kila ukiahirishwa watu wanadhani umekufa. Haujafa. Kila shehena itatakiwa kuonyesha shamba ilikotoka kwenye ramani.

Sasa sikilizeni kitu ambacho wengi hamjaambiwa. Kwa shamba la chini ya hekta 4, kanuni inaridhika na nukta moja ya majira ya eneo. Nukta moja, basi. Vihamba vyetu mtu mwenye ekari tatu anaonekana tajiri, kwa hiyo kuzunguka mpaka mzima wa kila kihamba si takwa la kanuni hiyo. Hata hivyo wako wanunuzi wanaodai mpaka mzima kwa kila mkulima, kwa sababu programu yao imetengenezwa hivyo au kwa sababu wanaona data zaidi ni usalama zaidi. Vijana wanatumwa na simu kuzunguka mipaka, na mipaka ya kihamba mnaijua: masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa na marehemu babu, ndugu wawili wasiosalimiana, na mjane anayelima yeye lakini kwenye fomu nafasi ya mmiliki inajazwa jina la shemeji. Zoezi la kahawa linageuka kesi ya ardhi. Mtu aliyesoma mambo ya jamii angelijua hilo kabla simu haijawashwa. Mhandisi wa ramani hajui, na hakuna sababu ya kumlaumu.

Halafu kuna setilaiti. Ukikitazama kihamba kutoka angani, migomba chini, mikahawa katikati, miti mirefu ya mringaringa na migrevilia juu, picha inaweza kukisoma kama msitu. Mwenye kihamba akikata mgrevilia mmoja apate mbao za paa, mashine huko mbali inaweza kuwasha taa nyekundu ya ukataji misitu. Na kanuni yenyewe inasema wazi kwamba kilimo mseto cha namna hii hakihesabiwi kuwa msitu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu, hapa Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia mwaka 2011, kwa hiyo ushahidi wa maandishi upo. Lakini lazima awepo mtu ndani ya kampuni anayejua kihamba ni nini, anayenyanyua mkono siku taa ile ikiwaka na kusema subirini, hapa hapajakatwa msitu. Mimi hiyo ndiyo naiita kazi ya uendelevu. Kadi za kijani na baiskeli za ofisini wengine watafanya.

Hesabu ya gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, nitaipita haraka. Mtaikuta, jifunzeni misingi yake. Kundi la kwanza ni moshi wa kampuni yenyewe, la pili ni umeme inaonunua, la tatu ni kila kitu kingine, kuanzia mbolea ya mkulima hadi birika la mnywaji. Kwa kampuni ya vyakula kundi la tatu ndilo linalomeza mengine, na humo ndani mbolea ya naitrojeni ina sehemu yake, kwa sababu gesi inayotoka kwenye udongo uliowekwa mbolea hiyo inapasha joto karibu mara 270 kuliko kiasi kilekile cha kaboni dayoksaidi. Haihitaji fizikia. Inahitaji kukubali kukaa na jedwali la Excel bila kuona umedhalilika.

Sasa hiyo nusu ya "nje". Wasifu wako uwe kurasa mbili. Ondoa orodha ya makongamano. Usianze na jina la tasnifu. Anza na ulichokifanya: ulisimamia wadadisi, ulitengeneza dodoso kwenye Kobo, ile programu ya kukusanyia data, ulipatanisha data za kata sita ambazo hazikutaka kupatana, ulizungumza na serikali ya kijiji hadi mlango ukafunguka. Mwajiri wa Ulaya hajui "mdadisi mkuu" ni mtu mzito kiasi gani, mweleze. Kwa Ujerumani, kagua kwanza chuo chako na shahada yako vinavyoonekana kwenye hifadhidata yao iitwayo anabin, kwa sababu viza nyingi za kazi za wasomi zinaanzia hapo. Tangu Juni 2024 wana pia kadi ya kwenda kutafuta kazi ukiwa hukohuko, hadi mwaka mmoja, lakini wanataka uonyeshe fedha za kujikimu, na fedha hizo kwa mtumishi wa kawaida wa Moshi si za kuokota. Uholanzi wanataka mwajiri awe amesajiliwa na idara yao ya uhamiaji kuwa mdhamini; uliza hilo kabla ya mahojiano ya pili. Jifunze lugha yao. Vikao ni vya Kiingereza, maamuzi ni ya kwenye korido. Muda wa majaribio kwa kawaida ni miezi 6, makato ya mshahara yatakushtua, na utaulizwa habari za kakao ya Ivory Coast kwa sababu tu umetoka Afrika. Mimi mwanzoni nilikuwa nakasirika. Siku hizi najibu kwamba nitamtafuta mtu wa Abidjan, na ninamtafuta kweli.

Nisiwadanganye kuhusu soko. Februari 2025 Tume ya Ulaya ilileta mapendekezo ya kuzilegeza sheria hizi za ripoti na uwajibikaji, na Aprili mwaka huo tarehe nyingi za utekelezaji zikasogezwa mbele. Waliokuwa wameajiriwa kwa ajili ya kujaza ripoti wakaanza kuwa na wasiwasi, na wana haki. Ushauri wangu ni kwamba usijifunze ripoti, jifunze mnyororo: kahawa, maua, nguo, madini, chagua kimoja ukijue hadi kwenye risiti. Ripoti inaweza kufutwa na bunge. Mnunuzi bado atataka kujua kahawa yake itapatikana mwaka ujao au la.

Na si lazima upande ndege. Wauzaji wa kahawa wa hapa Moshi, mashamba ya maua na mboga ya Arusha, vyama vikuu na vyama vya msingi, wote hawa wanaletewa madodoso na wateja wao wa Ulaya, marefu, kwa Kiingereza kigumu, na mara nyingi anayejaza ni mhasibu usiku. Mwanafunzi wa uzamili akikaa na chama kimoja msimu mmoja, akawasaidia kujibu kwa ukweli na kukataa maswali yasiyowahusu, atakuwa amefanya kazi ileile ninayoifanya mimi, karibu zaidi na watu wenyewe. Nyinyi viongozi wa vyama nawaomba jambo moja tu: ramani za vihamba zinazochukuliwa na simu za wanunuzi, daini nakala. Ziwe mali ya chama, zikae kwenye kompyuta ya chama, nanyi ndio mziruhusu zitumike. Mji huu ndio wenye KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1933, iliyoanzishwa ili mkulima asiuze peke yake mbele ya mnunuzi mkubwa. Leo data za shamba nazo zinauzwa, na mkulima ameachwa aziuze peke yake, tena bure.

Mwenyekiti, mimi yangu ni hayo. Naona mama pale nyuma ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja mipaka ya vihamba. Mpeni kipaza sauti tafadhali. Karibu, mama.